Mteja anaomba dawa ya gesi, kumbe ni moyo: nimtambueje hapa kaunta?

Kaunta_ya_Kona:
Wakuu, nauliza kwa niaba ya sisi wa maduka ya dawa muhimu. Haipiti siku bila mtu kuja ameshika tumbo la juu: "Chembe ya moyo inaniuma, nipe dawa ya gesi." Wengi kweli ni kiungulia au vidonda vya tumbo, ila wapo ambao moyo ndio unakosa damu. Hapa nina mashine ya presha na ya sukari tu. Niulize nini, niangalie nini, na nimpe nini kabla hajaondoka?

Nesi_Zamu_ya_Usiku:
Mkuu, anza kwa kuangalia mkono wake. Mwambie akuonyeshe panapouma. Anayegusa nukta moja kwa kidole, na akivuta pumzi ndefu anashtuka, mara nyingi ni kichomi au msuli. Wa moyo huwa hana pa kugusa kwa kidole: anabandika kiganja kizima au ngumi katikati ya kifua, na maneno yake ni "pananibana", "pazito", "kama nimewekewa gunia".

Kisha uliza yamedumu muda gani. Yakipita dakika 15 na amekaa ametulia, usibishane tena, huyo ni wa hospitali. Uliza yanaelekea wapi: taya, shingo, bega, mgongoni katikati ya mabega, mkono. Watu wamekariri mkono wa kushoto, lakini wa kulia au yote miwili pia inahusika. Mishipa ya fahamu ya moyo na ya mkono inaingia uti wa mgongo karibu sehemu zilezile, ndiyo maana ubongo unachanganya.

Halafu gusa paji la uso wake. Kijasho chembamba, cha baridi, kwa mtu aliyekaa chini ya feni: hiyo ni dalili nzito kuliko maelezo yake yote.

Na hilo jina "chembe ya moyo" linatuponza. Sehemu ya chini ya moyo imelalia ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ikikosa damu, maumivu yanasikika tumboni, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Kwa hiyo akinywa magnesiamu (dawa ya gesi) akapata nafuu, hujathibitisha kitu, kwa sababu maumivu ya moyo nayo hupanda na kushuka yenyewe.

Tabibu_wa_Wilaya:
Naongezea wale wanaotupita kila siku: wenye kisukari cha miaka mingi, wazee, na akina mama. Mishipa ya fahamu ikishaharibiwa na sukari, mtu anaweza asisikie maumivu kabisa. Atakuja analalamika pumzi inakata, uchovu wa ghafla usioelezeka, au kizunguzungu na jasho. Pima sukari, ikiwa chini ya 4 (mmol/L) mpe kitu kitamu. Ikiwa sawa, usimruhusu kwenda nyumbani kwa sababu hiyo. Presha ni hivyohivyo. Presha nzuri haisemi lolote kuhusu mshipa wa moyo ulioziba.

Ukimshuku, mkalishe chini aegemee ukuta, magoti yakunjwe. Mpe aspirini miligramu 300, yaani kimoja kikubwa au vinne vya 75, atafune ndipo ameze. Akimeza kizima, hasa chenye gamba, kinachelewa kufanya kazi. Usimpe diklofenaki (dawa ya maumivu) wala usimwekee nifedipini (dawa ya presha) chini ya ulimi: hiyo nifedipini inashusha presha ghafla na moyo unazidi kukosa damu. Ile meseji ya WhatsApp inayodai kukohoa kwa nguvu kunaokoa mwenye shambulio la moyo, ipuuzeni jamani, inapoteza dakika za mtu.

Kaunta_ya_Kona:
Nashukuru sana. Je, mwenye vidonda vya tumbo nimpe hiyo aspirini? Na usafiri, maana hapa kuna bodaboda tu.

Tabibu_wa_Wilaya:
Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, mwenye mzio wa aspirini, au aliyepooza upande au mdomo kupinda: usimpe. Aliyeambiwa zamani ana vidonda na sasa hatoki damu, kwa kawaida faida inazidi hatari. Ukiwa na daktari wa kumpigia simu, mpigie.

Bodaboda hapana. Akizimia njiani anaanguka. Tafuta bajaji au gari, akae na mtu pembeni, asiendeshe mwenyewe wala asitembee hadi barabarani. Akizimia na hapumui kawaida, mlaze chali sehemu ngumu, mkandamize katikati ya kifua kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane bila kuacha.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:
Mpeleke penye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Inatakiwa ifanyike ndani ya dakika 10 tangu afike. Ya kwanza ikiwa safi na bado anaumwa, ndugu waombe irudiwe. Troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia, nayo huchukua saa kadhaa kupanda. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kama streptokinase, hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na kila saa inayopita msuli unakufa. Kwa walio Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanazibua mshipa kwa mrija.

Kwa hiyo mpe karatasi aende nayo: maumivu yameanza saa ngapi, aspirini kiasi gani, ametafuna saa ngapi. Andika "saa 2 asubuhi" au "saa 2 usiku", usiache "saa 2" peke yake.