Filamu za makala zenye vituko kwa sebule ya watu watano, Kisumu: nianze na ipi?

Dada_Migosi
Habari za jioni wadau. Jumamosi tatu zijazo, kuanzia saa moja jioni, nataka tutazame filamu za makala nyumbani. Si zile za simba kumkimbiza swara, wala za wauaji. Nataka zile za ajabu ajabu: mtu kakazana na jambo ambalo wengine hata hawalitazami mara mbili, au zile zinazojifanya makala kumbe ni maigizo matupu. Watazamaji ni mama (Dholuo na Kiswahili sawa, Kiingereza cha haraka kinampita), mjomba aliyestaafu kiwanda cha sukari huko Muhoroni, vijana wa miaka 15 na 17, na mimi. TV ni ya inchi 32. Intaneti ya waya hakuna, ni bando na flashi. Nichague zipi? Na zile za kuigiza, niwaambie kabla au niwaache wagundue wenyewe?

Ziwa_na_Picha
Kwa mtu wa miwa, anza na Cane Toads: An Unnatural History ya Mark Lewis, ya 1988. Haifiki hata dakika 50. Mwaka 1935, huko Queensland, Australia, waliletwa vyura kutoka Hawaii ili wawale mbawakawa waliokuwa wakiharibu miwa. Wapi! Mbawakawa mkubwa hukaa juu kwenye majani na chura yule hapandi. Mabuu yake yako chini ya udongo yakitafuna mizizi. Vyura wakabaki na shamba lote, wakazaana, wakaenea, na sumu ya mabegani mwao ikawa inaua wanyama wanaojaribu kuwala.

Hayo mjomba atayafuata bila tafsiri. Lakini utamu wenyewe uko kwenye namna ilivyopigwa. Kamera imelazwa kwenye nyasi, usawa wa macho ya chura, na kila mhojiwa anaachwa aseme lake hadi mwisho bila kukejeliwa. Yuko mtoto anayembembeleza chura kama mwanasesere, na yuko dereva anayeyumbisha gari makusudi barabarani ili awakanyage. Wote wawili wanapewa uzito uleule, hivyo wewe mtazamaji ndiye unayelazimika kuamua. Angalizo: kuna sehemu ya vyura kupandana, tena haipiti haraka. Wageni wenye watoto wadogo wajue.

Kamera_Begani_Nakuru
Vyura nakubali. Kwa za kuigiza, wengi watakutajia This Is Spinal Tap ya 1984, ya bendi ya roki ya kubuni. Ni kazi nzuri sana ila kwa sebule hii isubiri. Sehemu kubwa ya mazungumzo waigizaji waliyatunga papo hapo, tena kwa lafudhi ya Uingereza, na maandishi ya chini hayawezi kuubeba utani wote. Atakachocheka mama moja kwa moja ni lile jiwe la jukwaani: bendi inataka la futi 18, mchoro unaandikwa kwa alama ya inchi, na siku ya onyesho kinateremshwa kijiwe kinachomfikia mtu magotini.

Chukua Best in Show ya Christopher Guest, ya 2000. Ni mashindano ya mbwa, na mbwa hahitaji tafsiri. Kuna mume na mke wanaochanganyikiwa kwa sababu nyuki wa kitambaa, kidude cha kuchezea mbwa wao, kimepotea. Tazama mke anavyomfokea muuza duka ambaye hana kinachofanana nacho. Haigizi kichekesho hata kidogo, anaigiza mtu aliyefikwa na janga, na hapo ndipo mbavu zinapouma.

What We Do in the Shadows ya 2014, ya wanyonya damu wanaoishi nyumba moja Wellington, New Zealand, nayo ni tamu. Mmoja anatandaza magazeti sakafuni kabla ya kumng'ata mgeni ili asichafue, na wanagombania sahani ambazo zamu yake ilipita miaka mitano bila kuoshwa. Ila damu inaruka kwelikweli, kwa hiyo huyo wa miaka 15 ni juu yako. Na usiwaambie mapema. Waache wajikute.

Mama_wa_Makala, Kakamega
Ndugu wa Nakuru, hapo mwisho hatupatani. Mama aambiwe kabla. Mtu anayeamini kwamba ni kweli hutazama kama taarifa ya habari: atauliza huyu ni nani, yuko wapi siku hizi, kwa nini hakushtakiwa, na kichekesho kitampita akiwa bado anauliza. Halafu mwishoni agundue kwamba wajukuu walijua, yeye hakujua. Hiyo si heshima. Filamu za namna hii hazitegemei kumdanganya mtazamaji. Ukijua ni maigizo unaziona vizuri zaidi.

Vijana ndio wapewe kazi ya upelelezi. Waangalie kama mlango unafunguliwa na kamera iko ndani na nje kwa wakati uleule, hilo lilipangwa. Wasikilize sauti: watu wako mbali, barabara imejaa magari, na bado kila neno linasikika safi, basi kuna vipaza sauti vilivyofichwa kwenye nguo. Mwishoni wasome majina. Orodha ya wahusika ikiwa na majina ya waigizaji kando yake, kesi imekwisha.

Ila wasikimbilie kusema kila kilichopangwa ni uongo. Nanook of the North ya Robert Flaherty, ya 1922, ni ya watu halisi wa kaskazini mwa Kanada, lakini "Nanook" jina lake lilikuwa Allakariallak. Nyumba ya barafu ilijengwa nusu tu ili mwanga uingie na kamera ipate nafasi. Uwindaji ulirudishwa kwenye mikuki wakati watu walikuwa tayari na bunduki, na ile sehemu anayoshangaa santuri na kuing'ata ilikuwa ya kuigizwa. Haina sauti ya mazungumzo, ina vibao vya maandishi tu, kwa hiyo mtu mmoja akivisoma kwa Dholuo mama yuko sawa na kila mtu. Tena huko Marekani hakimiliki yake imekwisha, unaipata bure kihalali.

Mkulima_Ahero
Mbona hakuna aliyetaja The Gleaners and I ya Agnès Varda, Ufaransa, 2000? Ni ya watu wanaookota masazo: viazi vilivyomwagwa shambani kwa kuwa ni vikubwa mno au vimepinda, matunda yaliyoachwa mitini, vyakula sokoni baada ya wauzaji kufunga. Anayejua mashamba ya mpunga baada ya mavuno, au viazi vya Molo vinavyokataliwa kwa umbo, atakaa nayo. Varda anatumia kamera ndogo ya mkononi. Anaokota viazi vyenye umbo la moyo, anavipeleka nyumbani na kuvitazama vikinyauka. Mahali fulani alisahau kuizima kamera, kifuniko cha lenzi kikawa kinaning'inia na kucheza huku ardhi inapita chini, naye akaiacha sehemu hiyo ndani ya filamu na kuiwekea muziki. Hiyo peke yake inatosha kuitafuta. Si ya kuchekesha kwa sauti.

Obunga_Juu
Na Darwin's Nightmare? Ni ya ziwa letu, Victoria.

Ziwa_na_Picha
Si kwa orodha hii. Ni ya Hubert Sauper, 2004, ilipigwa Mwanza, ya mbuta na ndege za mizigo. Ni nzito na imebishaniwa sana. Hata Kikwete, rais wa Tanzania wakati huo, aliilaumu hadharani 2006. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishatolewa, unaonyeshwa kama balaa tupu, na huku mtaani Obunga kila mtu anajua ni chakula na ni biashara ya akina mama. Itazameni siku nyingine, na mbishane.

Fundi_Flashi
Sasa mambo ya vifaa, maana hapo ndipo jioni huharibika. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4. Ukiibadilisha iwe exFAT, ijaribu kwanza, kwani TV nyingi za zamani haziisomi. Faili la .srt (la maandishi ya chini) lipe jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, na lihifadhiwe kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8, la sivyo herufi za Kifaransa zitatoka kama takataka. Ukipata sauti bila picha, filamu pengine imebanwa kwa H.265 na TV yako inajua mtindo wa zamani wa H.264 tu.

Ulichopakua ndani ya programu ya kulipia hakihamishiki kwenye flashi, kimefungwa. Utatoa picha kwenye simu kwa kebo ya HDMI, na si kila simu yenye USB-C inatoa picha, kwa hiyo usinunue kebo kabla ya kujaribu ya mwenzako. Bando: kadiria GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, hadi GB 3 kwa picha kali. Kwa inchi 32 ya kawaida inatosha, ila anayesoma maandishi asikae zaidi ya mita mbili.

Mvua ya jioni kwenye mabati itameza mahojiano. Weka spika ya nje chini ya TV na uiunganishe kwa waya. Bluetooth huchelewesha, midomo inatangulia maneno. Na zima kile kipengele cha TV cha kulainisha mwendo.

Dada_Migosi
Asanteni sana. Mama nitamwambia kabla. Ya Varda maandishi ni ya Kiingereza, je, nimsomee mama mwanzo hadi mwisho?

Mama_wa_Makala, Kakamega
Hapana, utachoka na yeye atachoka. Usifanye kama DJ Afro, yule anayesimulia filamu nzima kwa Kiswahili, ule mtindo ni wa filamu za mapigano na unafunika sauti yote. Itazame peke yako kwanza, uandike kwa kila mhojiwa sentensi moja ya Dholuo: ni nani, anaokota nini, kwa nini. Iseme anapotokea tu, kisha nyamaza. Akiongea Varda mwenyewe, simamisha, tafsiri, endelea. Na kwenye kile kifuniko cha lenzi usiseme kitu.