Padi ya kulia ya Steam Deck inakwaruza badala ya kutetemeka: nianzie wapi?

Mkaazi_wa_Umoja

Wanajukwaa, salamu. Nina Steam Deck, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea michezo ya kompyuta, ya toleo la kwanza, lile la kioo cha LCD, ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Uingereza kwa kuwa kifaa hiki hakiuzwi rasmi hapa Kenya. Mwezi uliopita nilikipeleka kwa fundi mmoja katikati ya jiji anibadilishie diski ili nipate nafasi zaidi ya michezo, na diski hiyo mpya inafanya kazi bila tatizo. Hata hivyo, tangu siku ile padi ya kugusa ya upande wa kulia imebadilika. Pale nilipozoea kuhisi mapigo madogo ya haraka chini ya kidole, kama mtu anayejaza saa ya zamani, sasa nahisi mtetemo hafifu unaoambatana na mlio wa kukwaruza, mfano wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Kishale bado kinafuata kidole sawasawa, na padi ya kushoto ni nzima.

Jambo la pili linalonitatiza ni kwamba katika mchezo mmoja wa mbio za magari padi zote mbili hazitetemeki kabisa. Nimezima na kuwasha, nimesasisha mfumo, na hali ni ile ile. Naomba ushauri kabla sijakifungua mwenyewe, maana kukirudisha Uingereza ni gharama ambayo siimudu.

Njia_ya_Ngong

Pole sana, ndugu. Nadhani una matatizo mawili yasiyohusiana, na ukiyachanganya utakifungua kifaa kwa sababu ambayo haikuhitaji bisibisi.

Tuanze na mchezo wa magari. Kila mchezo una mpangilio wake wa vitufe, na wengi wetu huchukua mipangilio iliyotengenezwa na wachezaji wengine bila kuikagua. Aliyeutengeneza akiwa hapendi mitetemo, aliizima, nawe umeirithi hali hiyo. Fungua mpangilio wa mchezo huo, nenda kwenye sehemu ya padi, uangalie kama nguvu ya mtetemo imezimwa au imewekwa chini, kisha ukague pia mipangilio ya ndani ya mchezo wenyewe. Usitarajie mshindo mzito kama wa rimoti za kawaida za michezo, kwa sababu Steam Deck haina zile mota kubwa za kuzungusha uzito. Mtetemo wa mchezo hutolewa na vitetemeshi vilevile vya padi, kama ilivyokuwa kwa Steam Controller, rimoti ya michezo ya kampuni hiyohiyo, ya mwaka wa 2015.

Kuhusu mkwaruzo, jaribu ukiwa kwenye menyu kuu, nje ya mchezo wowote. Kwanza zima sauti kabisa, kwa kuwa spika ziko chini kidogo ya padi na spika iliyolegea hutoa mlio unaofanana sana na huo. Mlio ukiendelea, bonyeza mfuniko wa nyuma kwa kiganja, sehemu moja baada ya nyingine, huku kidole kikiendelea kusugua padi, kisha utuambie umesikia nini.

Mkaazi_wa_Umoja

Asante sana. Kwenye mchezo wa magari umepatia: mtetemo ulikuwa umezimwa katika mpangilio niliouchukua, nami sikuwahi kuutazama.

Mkwaruzo haukuisha nilipozima sauti. Lakini nilipobonyeza kona ya chini ya mfuniko, upande wa kulia, mlio ulikatika papo hapo na yale mapigo madogo yakarudi kama zamani. Nikiachilia, nyuki anarudi.

Fundi_Luthuli

Ndugu yangu, kiganja chako kimekwisha kukupa jibu, nami nakusihi usinunue padi mpya. Kitetemeshi cha aina hii ni sumaku na koili juu ya springi, na uzito wake mdogo huenda mbele na nyuma kwenye mstari mmoja, kwa kasi iliyopangiwa springi hiyo. Kikishikwa imara na mwili wa kifaa, mtetemo wote hufika kidoleni. Kitu chochote kilicho karibu kikilegea, sehemu ya nguvu hiyo hupotea katika kukigongesha kile kilicholegea, na ndiyo maana wewe unahisi kidogo lakini unasikia sana. Kitetemeshi kilichokufa hakipigi kelele, hunyamaza tu.

Mfuniko wa toleo lako hushikwa na skrubu nane, nne za milimita 9.5 na nne za milimita 5.8, na hazibadilishani nafasi. Katika meza yangu nimepokea vifaa vingi ambavyo mtu wa kwanza alimwaga skrubu zote katika kisahani kimoja, akarudisha iliyomjia mkononi. Skrubu fupi ikiingia kwenye tundu la ndefu, huzunguka kidogo, huonekana imekaza, lakini kona ile hubaki ikielea.

Fanya hivi. Tumia kifaa mpaka chaji ishuke chini ya asilimia 25, kizime, kisha shikilia kitufe cha kuongeza sauti huku ukibonyeza cha kuwashia, uingie kwenye menyu ya mwanzo na uweke betri katika hali ya kuhifadhiwa. Kikishazima hivyo hakitawaka tena hadi ukichomeke kwenye chaja. Halafu toa kadi ya kumbukumbu. Tafadhali usisahau hili: mfuniko ukifunguka kadi ikiwa ndani, kadi huvunjika vipande viwili, na nimeona watu wakipoteza picha za familia kwa njia hiyo.

Toa skrubu, na kila moja uipange juu ya karatasi mahali palepale ilipotoka. Ukizirudisha, kumbuka kwamba skrubu hizi hujichongea njia yake ndani ya plastiki. Weka skrubu tunduni, izungushe kinyume kwanza, taratibu, hadi uhisi imedondoka kidogo kwa "tik". Hapo imeingia katika njia yake ya zamani. Ndipo ukaze, na uache mara tu inapogoma. Ukiilazimisha ichonge njia mpya, plastiki huliwa na kona hiyo haitashika tena.

Mkaazi_wa_Umoja

Nimefanya kazi hiyo jana usiku, juu ya meza ya kulia chakula, tochi ya simu ikiwa mkononi mwa mke wangu. Kona ya chini ya kulia ilikuwa na skrubu fupi mahali pa ndefu, na ndefu yenyewe ilikuwa imekazwa kwa nguvu kwenye tundu la fupi, hata kichwa kimebaki nje kidogo. Nilizibadilisha nikifuata ule mtindo wa kuzungusha kinyume, na ile "tik" niliisikia waziwazi katika matundu yote isipokuwa lile lililolazimishwa, ambalo linashika lakini kwa ulegevu. Mkwaruzo umekwisha. Nguvu ya mtetemo wa kulia sasa inalingana na ya kushoto. Fundi, Mungu akubariki.

Kasarani_Kwetu

Naomba kuuliza: je, maelekezo haya ya skrubu yanafaa pia kwa toleo la OLED, lile jipya zaidi lenye kioo cha aina hiyo?

Fundi_Luthuli

Sehemu ya betri na kadi, ndiyo, ifuate vilevile. Skrubu ni tofauti. Toleo la OLED, lililotoka Novemba 2023, linatumia skrubu za kichwa cha nyota, Torx T6, na zinaingia katika matundu ya chuma yaliyokwisha kuchongwa njia, kwa hiyo hazichongi plastiki. Tafuta bisibisi ya ukubwa huo hasa kabla ya kuanza. Na wewe, Mkaazi wa Umoja, lile tundu lililolegea usilikaze zaidi. Ukifungua mara nyingine, lete kifaa tuliangalie.