Hilux ya 3L: naweza kutia mafuta yaliyokwishakaangiwa?

Paje_Mizigo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nna Hilux yenye injini ya 3L, inabeba mizigo baina ya Paje na Mjini. Hoteli mbili za huku ziko tayari kutoa mafuta yaliyokwishakaangiwa chipsi na samaki, kama lita 60 kwa wiki. Nnauliza mambo matatu. Kwa joto letu hili, yanaweza kwenda moja kwa moja kwenye tangi bila ya kufunga kitu? Mafuta ya nazi je, maana Pemba wako wanaokamua mbata? Na nijue vipi kuwa mafuta yamekuwa safi ya kutosha? Injini haili oili, pampu ni ile ile iliyokuja nayo.

Fundi_Kwerekwe

Waalaykum salaam kaka. Injini yako inaafiki. 3L ina chemba ndogo kwenye silinda hedi, mafuta hurushwa humo kwanza, kwa hivyo inastahamili mafuta mazito kuliko injini inayorusha moja kwa moja juu ya pistoni. 5L na 1HZ ya Land Cruiser ni za ukoo huo huo. Mwenye D-4D, zile dizeli za Toyota za kisasa, asijaribu kabisa, nafasi za ndani ya pampu na nozeli zake ni finyu mno. Na mwenye Land Rover kongwe yenye pampu ya CAV naye akae mbali, mafuta mazito yakiwa ya baridi yanaivunja shafti yake.

Joto letu halitoshi. Hapa ndipo gari nyingi zinapouliwa, na inasikitisha kwa sababu ni kosa la kuepukika. Uzito wa dizeli, yaani ugumu wake wa kutiririka unaopimwa kwa sentistoki, kwa nyuzi 40 ni baina ya 2 na 4.5. Mafuta ya kupikia kwa nyuzi hizo hizo ni karibu 35, na jua la Paje halifiki nyuzi 40. Gari itawaka, itakwenda vizuri, na mwezi wa kwanza utaona umefaulu. Huko ndani nozeli inashindwa kuyapasua yakawa ukungu, inatema matone. Matone hayaungui yote: mengine yanageuka makaa kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi, mengine yanateremka kwenye oili. Ringi zikiganda kwenye vijia vyake kompresheni inaondoka, na hapo hakuna jengine ila kushusha injini.

Dawa ni kuyapasha mpaka nyuzi 70 kabla hayajaingia kwenye pampu, na hilo linataka tangi mbili. Ya asili inabaki ya dizeli. Ya pili, ya lita 40 au 50, ifunge nyuma kwenye bodi. Iwe ya chuma cha pua au plastiki nzito. Njia ya mafuta iwe na uwazi wa milimita 10 badala ya 8. Maji ya moto yachukue kwenye hozi za hita ya ndani ya gari, ambayo huku haina kazi. Paipu ya mafuta ipite ndani ya paipu kubwa zaidi ya maji hayo, urefu wa kama mita moja, kisha iingie kwenye filta yake peke yake, nayo izungushiwe maji ya moto. Filta ya baridi ndiyo ya mwanzo kuziba.

Halafu vali mbili za umeme za njia tatu: moja kwa mafuta yanayoingia pampu, moja kwa yanayorudi, kila moja na swichi yake. Ukiweka ya kuingia tu, mafuta ya kula yatakuwa yanarudi kwenye tangi ya dizeli, na ndani ya siku chache unawasha gari asubuhi kwa mchanganyiko huku unadhani ni dizeli tupu.

Uendeshaji: washa kwa dizeli, tembea kwa dizeli mpaka kipima joto cha mafuta kionyeshe 70. Ukitoka Paje, kufika Jozani yameshapata. Kurudi kwenye dizeli usingoje foleni ya Mwanakwerekwe, mwendo wa pole unaipoza silinda na ndipo makaa yanapojijenga. Badilisha ukiwa bado Fuoni: kwanza vali ya kuingia, ngoja kama nusu dakika ili mafuta ya kula yaliyobaki kwenye pampu yarudi kwenye tangi yake, ndipo ubadilishe ya kurudi. Usizime gari hata siku moja na mafuta ya kula ndani ya pampu.

Mwana_wa_Wete

Fundi kayamaliza ya gari, mie niseme ya mafuta yenyewe.

Adui wa kwanza ni maji, wa pili chumvi, na samaki wa hoteli anakuja na vyote viwili. Pampu ya 3L inalainishwa na mafuta hayo hayo yanayopita ndani yake. Maji kidogo tu yanaitia kutu, na chumvi inaharakisha. Mwambie mpishi akutengee ya chipsi, ndiyo yenye afueni. Yaliyokuwa meusi na kutoa povu zito yakatae hata ukipewa bure.

Chukua pipa la lita 200, lisimamishe, toboa bomba kiasi cha sentimita 10 juu ya kitako. Mimina mafuta kwa kitambaa cha marikani kiondoe chengachenga za viazi. Yapashe mpaka nyuzi 60, zima moto, yaache wiki nzima bila kuyagusa. Maji na tope vinashuka chini, wewe unatoa kwa bomba hilo. Usiharakishe kwa kuyavuta na pampu yakiwa bado na maji, yatavurugana na kuwa kama tui, na tui hilo halijitengi tena kwa wepesi. Baadaye yapitishe kwenye filta ya maikroni 5.

Kuyajaribu: pasha kikaango mpaka kiwe cha moto sana, dondosha kijiko kimoja cha mafuta. Yakitatarika au yakitoa vipovu vidogo, maji yamo. Yarudishe kwenye pipa. Yakitulia kimya yamekauka.

Mafuta ya nazi yana uzuri mkubwa ambao watu hawaujui. Alizeti na soya yakikaa na hewa na joto yanageuka utomvu kama vanishi. Ya nazi hayana tabia hiyo, yanastahamili. Kisiwa cha Bougainville, huko Papua New Guinea, kilipozingirwa miaka ya 1990, watu waliendesha gari kwa mafuta ya nazi yao wenyewe. Lakini yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi. Kaskazi hutoona tatizo, ila usiku wa kipupwe tangi nzima inaamka nyeupe. Ukiyatumia, paipu ya maji ya moto lazima ipite mpaka ndani ya tangi, chini penye mdomo wa kuvutia. Ya mbata iliyoanikwa vibaya ikavunda yana asidi nyingi, hayo waachie watengeneza sabuni.

Na mengi ya hayo ya hoteli ni mawese. Miezi ya Juni mpaka Agosti utaona utando mweupe umekaa chini ya pipa. Chukua yale maangavu ya juu tu.

Kostiki_Chake

Naheshimu njia ya tangi mbili, lakini kwa anayepata lita 60 kwa wiki mimi naona bora kuyageuza kuwa biodizeli, yakaingia kwenye tangi ya kawaida bila ya kuongeza vali hata moja. Uzito wake unashuka mpaka sentistoki 4 au 5, karibu sawa na dizeli.

Kwanza pima asidi. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Chukua mililita 1 ya mafuta, changanya na mililita 10 za spiriti ya aisopropili, tia chembe ya bizari ya manjano. Dondoshea maji ya kostiki kidogo kidogo mpaka umanjano ugeuke wekundu na usirudi. Kila mililita uliyotumia ni gramu 1 ya kostiki ya kuongeza juu ya 3.5 kwa kila lita ya mafuta. Ukitumia mililita 2, basi ni gramu 5.5 kwa lita. Kwa lita 20 ni gramu 110.

Methanoli ni lita 4 kwa lita 20 za mafuta. Kwa mafuta ya nazi ongeza mpaka 5, maana molekuli zake ni fupi, kwa hivyo ni nyingi zaidi katika lita moja. Yeyusha kostiki ndani ya methanoli kwanza, kisha mimina kwenye mafuta makavu yaliyo nyuzi 55, koroga saa nzima kwenye chombo kilichofunikwa. Methanoli inachemka nyuzi 65, usivuke. Acha mpaka kesho yake: gliserini nyeusi inakaa chini, itoe. Osha kwa maji mara tatu, ya kwanza kwa upole kabisa, kisha kausha mpaka yawe maangavu unayoweza kusoma gazeti kupitia kwake.

Nakuomba kaka, hili lishike: methanoli inapofusha macho na inaua, kwa kunywa, kwa mvuke, hata kwa kupita kwenye ngozi. Moto wake mchana hauonekani. Fanya nje, upepo ukiwa nyuma yako, glavu nzito na miwani, watoto mbali. Kostiki ikikaa wazi inavuta unyevu wa hewa yetu na vipimo vinaharibika, ifunge vizuri. Mafuta yenye maji yatakupa sabuni badala ya biodizeli.

Paje_Mizigo

Shukran sana, nitaanza na tangi mbili. Nna paipu za shaba zilizobaki kwenye kazi ya mafriji, nizitumie? Na oili nibadilishe baada ya kilomita ngapi?

Fundi_Kwerekwe

Shaba usiitumie upande wa mafuta. Inayaharakisha kugeuka utomvu, na zinki ya mabati ni hivyo hivyo. Upande wa maji tu ruhusa. Hozi za mpira wa kawaida nazo zitalainika na kuvuja, tafuta za vaitoni, mpira usioliwa na mafuta, kwenye maungio yote.

Oili: kama ulikuwa ukibadilisha kwa kilomita 5000, sasa iwe 2500. Pima dipstiki kila Ijumaa gari ikiwa ya baridi. Kimo kikipanda badala ya kushuka, mafuta ya kula yanapenya. Mwaga oili siku hiyo hiyo, kwa sababu yakikutana na hewa na joto humo chini oili inaganda kama ute na bomba lake haliwezi kuivuta. Na kabla hujafunga chochote, nozeli zipimwe na zirekebishwe, kisha pima kompresheni. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko nyenzake, tengeneza hiyo kwanza.