Bima ya afya kwa wote: tunaelemewa na wazee au na bei?

Kila tukiigusa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, hapa Moshi nasikia hoja ileile: haitabebeka, maana wazee wanaongezeka, na presha na sukari zimeingia hadi vijijini. Naipinga. Wazee na magonjwa hayo huongeza gharama, sikatai, ila hawaelezi kwa nini nchi moja hutumia kupita nyingine.

Chukueni Japani. Karibu watu 3 katika kila 10 wana miaka 65 au zaidi, na Mjapani huenda kwa daktari mara nyingi kuliko Mmarekani. Hata hivyo Japani hutumia takriban asilimia 11 ya pato la taifa kwa afya, Marekani takriban 17. Japani ina orodha moja ya bei nchi nzima, na serikali huipitia kila baada ya miaka miwili. Marekani, kampuni binafsi za bima hupatana bei na hospitali kila moja kivyake, hivyo kipimo kilekile huwa na bei nyingi hata ndani ya mji mmoja.

Utajiri nao una nguvu. Mwaka 1977 mchumi Joseph Newhouse alilinganisha nchi 13 akaona kipato cha wananchi ndicho kinachoeleza sehemu kubwa ya tofauti ya matumizi ya afya. Sisi kipato chetu ni kidogo, basi hicho kidogo kisiliwe na bei zisizo na mwenyewe.

Machi 2024 kitita kipya (orodha ya huduma na bei zake) cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kilipoanza, hospitali kadhaa binafsi zilizipinga bei hizo zikasitisha huduma kwa wenye kadi. Mgonjwa akabaki mlangoni. Mimi nasema bei ipangwe na chombo huru, wenye hospitali na wagonjwa wakiwemo. Mlipaji, yaani mfuko, asipange peke yake. Nyie mnasemaje?

Muuguzi, Ngaramtoni: Kaka, bei unaipa uzito kupita kiasi. Anayekosa vidonge vya presha zahanati leo, kesho analetwa amepooza, au figo zimekufa. Vidonge ni nafuu. Kusafisha damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, maisha yote, kutamaliza mfuko hata ukishusha bei. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993 watu walijifunza kusubiri ugonjwa ukomae ndipo waje, na wengi bado wanasubiri. Pesa ianzie zahanati.

Duka la dawa, Mbauda: Naongezea. Dawa nyingi tunaagiza nje, kwa dola. Shilingi ikishuka na kitita kikabaki palepale, dawa inaadimika, mwenye kadi anaambiwa akanunue mwenyewe dukani.

Mleta mada: Dada muuguzi, hapo ndipo namna ya kulipa inapoingia. Tukilipa kwa kila huduma, aliyemzuia mgonjwa asipooze hapati kitu, na aliyempokea amepooza analipwa. Zahanati ilipwe kwa idadi ya watu walioandikishwa kwake, wagonjwa na wazima, ndipo itawafuata watu wa presha majumbani. Ndugu wa Mbauda, hiyo ya dola ndiyo sababu ya kupitia bei kwa ratiba inayojulikana, kabla dawa haijaadimika. Ila bado sijaona aliyetetea hoja ya wazee. Rombo na Old Moshi wazee ndio waliobaki nyumbani, na wengi wao dawa hulipiwa na watoto walioko Dar. Anayesema hao ndio watakaoumaliza mfuko alete hesabu yake hapa.