Ushauri: uhakiki wa redioni wa Mr. & Mrs. Smith (2005). Wahakiki wamegawanyika, nisimamie wapi?

MwanaGombani:
Assalamu alaykum wanabaraza. Naandaa kipindi cha redio cha dakika 10 hapa Chake Chake. Mada ni Mr. & Mrs. Smith ya mwaka 2005, ile picha ya mume na mke majasusi, Brad Pitt na Angelina Jolie, kila mmoja anamficha mwenzake kazi yake. Picha naipenda. Ninapokwama ni kwenye mapokezi yake. Kwenye tovuti zinazokusanya uhakiki, Rotten Tomatoes inazungukia asilimia 60 na Metacritic 55, kura ya watazamaji ya CinemaScore ni B+, na tiketi ziliingiza zaidi ya dola milioni 480 duniani kwa bajeti ya milioni 110. Nikisema ilipokelewa vizuri nitakuwa nimesema kweli? Wasikilizaji wengi wanazijua picha hizi kupitia tafsiri za mtaani, hizo alama hawana habari nazo. Nianzie wapi, na dakika zangu nizigawe vipi?

MsomajiWaVuga:
Wa alaykum salaam. Alama zote hizo usizichanganye kwenye sentensi moja, maana kila moja inajibu swali lake.

Rotten Tomatoes haipimi uzuri wa picha. Inahesabu wahakiki wangapi katika kila mia wameipendekeza, basi. Chukua wahakiki kumi. Sita wameipa picha 6 kwa 10, wanne wameipa 5. Rotten Tomatoes itaandika 60, na wastani wa alama zao ni 5.6. Sasa chukua picha nyengine: sita wameipa 10, wanne wameipa 1. Rotten Tomatoes ni 60 ile ile, lakini wastani umepanda hadi 6.4. Ya kwanza haikumuudhi mtu wala haikumtia mtu wazimu. Ya pili imegombanisha watu. Ukisoma asilimia peke yake huwezi kuzitofautisha. Metacritic ndiyo inayogeuza kila uhakiki kuwa namba na kuchukua wastani, tena magazeti mengine ikayapa uzito mkubwa kuliko mengine. Kwa hiyo fungua ukurasa wake, usiishie kwenye ile 55 ya juu, teremka uangalie alama za mhakiki mmoja mmoja: zimesongamana katikati au zimekimbilia ncha mbili? Jibu la hapo ndilo la kusema redioni.

Jengine: 60 ndiyo mpaka kwenye Rotten Tomatoes. Jina la tovuti ni "nyanya zilizooza": kuanzia hapo nyanya ni nzima, chini ya hapo imeoza. Picha iliyokaa juu ya mstari wenyewe, uhakiki mmoja au wawili unaweza kuihamisha upande. Usiseme "imefaulu" wala "imefeli" kwa picha kama hii.

CinemaScore huulizwa watazamaji wanapotoka ukumbini usiku wa mwanzo, Marekani na Kanada. Hao wameshatoa pesa zao na walikuwa wanaisubiri picha, kwa hiyo alama zake kwa kawaida huwa juu. B+ hapo ni watu walioridhika, si watu waliopagawa. Na zile milioni 480 zinaeleza nguvu ya majina mawili makubwa na matangazo. Za ubora zinaeleza kidogo mno.

Ukitaka kauli moja iliyo salama: maoni ya wahakiki yalikuwa mchanganyiko yakielemea upande wa kupenda, na watazamaji walijaa.

BiKiembesamaki:
Kabla hujafika huko, hakikisha unasoma uhakiki wa kitu sahihi. Jina hili lina kazi nne. Ipo picha ya Alfred Hitchcock ya 1941, vichekesho vya mke na mume, haina bunduki hata moja ya ujasusi. Ipo tamthilia ya runinga ya CBS ya 1996, Scott Bakula na Maria Bello, hao ni wapelelezi wanaojifanya wanandoa. Ipo yako ya 2005, muongozaji Doug Liman, mwandishi Simon Kinberg. Na ipo tamthilia ya Prime Video ya Februari 2024, sehemu nane, Donald Glover na Maya Erskine. Hii ya mwisho ndiyo inayoleta balaa, kwa sababu ukitafuta leo inatokea mwanzo, na wahakiki waliipokea vizuri zaidi kuliko picha. Mtu ananakili asilimia 90 akidhani ni ya Pitt na Jolie. Angalia mwaka na jina la muongozaji kabla hujanukuu neno.

Na "majasusi" redioni usiseme. Katika picha ya 2005 John na Jane ni wauaji wa kukodiwa wa mashirika mawili yanayoshindana. Hakuna siri ya serikali inayoibwa. Msikilizaji anayeijua picha atakukamata dakika ya kwanza.

MwanaGombani:
Ahsante sana Bi mkubwa, nimelifuta. Sasa swali la ndani: lalamiko kubwa la wahakiki khasa lilikuwa nini? Nasoma huyu anasifu mvuto wa waigizaji, yule anasema hadithi nyepesi. Wote wanaonekana wana haki.

ShamtuWaWete:
Wana haki kwa sababu wanazungumzia nusu mbili tofauti za picha. Hili ndilo jambo ambalo ningependa ulibebe wewe hewani, yakhe, kuliko alama zote.

Picha za mke na mume wenye silaha zina kazi mbili kwa wakati mmoja: kusimulia ndoa na kusimulia vita. Pale vita vinaposema jambo la ndoa, mhakiki hulegea hata kama hadithi ni ya kawaida. Vita vikianza kujisimamia vyenyewe, mhakiki huchoka. Ipime picha yako kwa kipimo hicho. Inaanza kwa mshauri wa ndoa: mume anasema wameoana miaka mitano, mke anamsahihisha, sita. Ile meza ya chakula cha usiku, mume anaangusha chupa ya mvinyo makusudi, mkono wa mke unaidaka kabla hajafikiri, na hapo wote wawili wamejua. Hakuna risasi iliyopigwa, na hofu imejaa chumba. Kisha mapigano ya nyumbani, wanavunja nyumba waliyoijenga pamoja. Kila kitu kinachovunjika pale ni cha ndoa. Mapigano hayo yalipata tuzo ya MTV ya pigano bora mwaka 2006.

Halafu wanapatana. Na hapo ndipo lawama zinapoingia, maana swali lililokuwa linatuvuta, watauana au hawatauana, limeshajibiwa, na maadui waliobaki hawana sura wala jina la kukumbukwa. Ile mbio ya gari la familia bado inasimama, kwa sababu ndani yake wanaendelea kukiri siri zao, huyu aliwahi kuoa kabla, huyu baba aliyemuonyesha harusini alikuwa wa kukodi. Ufyatulianaji wa mwisho dukani maneno yamekauka. Ni risasi tu, na ni ndefu. Wanaosema "milipuko imezidi" huenda wanasema juu ya kipande hicho.

Kwa hiyo fanya hivi. Itazame mara ya pili na kalamu mkononi, kila penye mapigano andika dakika inayoanza, dakika inayoisha, na tukio hilo limebadilisha nini kati ya mume na mke. Penye jibu "hakuna" weka alama. Utaona alama zinajazana mwishoni. Huo ni ushahidi wako mwenyewe, huhitaji kuegemea gazeti la mtu.

KijanaMichenzani:
Mimi naona wahakiki wa Marekani tuwaache na mambo yao. Mtu wa Pemba anataka kujua kama picha itamfurahisha, basi.

MsomajiWaVuga:
Tukiwaacha wote tunabaki na matangazo ya kampuni iliyouza picha. Faida ya mhakiki ni ile sababu anayoitoa. Roger Ebert aliipa nyota 3 kati ya 4 na kwake mvuto wa wawili wale ulitosha kuibeba picha. Msikilizaji anayetaka mvuto huo atamfuata Ebert. Anayetaka njama yenye mafumbo atajua mapema aiache. Liman alikuwa ametoka kuongoza The Bourne Identity mwaka 2002, na aliyekwenda akitarajia ukavu ule alitoka amenuna. Matarajio ya mhakiki yataje, kwani yanaeleza nusu ya hasira zake.

MwanaGombani:
Na yale ya magazeti ya udaku kuhusu waigizaji wenyewe? Uhakiki mwingine wa wakati ule unayagusa.

BiKiembesamaki:
Sentensi moja, kisha pita. Pitt na Jennifer Aniston walitangaza kuachana Januari 2005, picha ikatoka tarehe 10 Juni mwaka huo huo, kwa hiyo watu waliingia ukumbini wakitafuta kwenye skrini walichokisoma magazetini. Hilo ni la haki kulitaja kwa sababu linakuonya: mhakiki wa 2005 anaposifu "mvuto", huenda anasifu na uvumi. Anayeitazama leo bila uvumi ule ndiye mpimaji bora. Zaidi ya hapo ni maisha ya watu, na kipindi chako kinasikilizwa na watoto na wazee chumba kimoja. Vivyo hivyo na zile picha za chumbani, sema kwa stara kwamba zipo na kwamba picha haifai kutazamwa na familia nzima. Mzazi atakushukuru.

MkaziWaMtoni:
Ningeongeza kulinganisha na moja tu, True Lies ya James Cameron, 1994. Ni ndoa na ujasusi wa kweli: Harry, Arnold Schwarzenegger, yumo katika idara ya siri, na mkewe Helen anadhani anauza kompyuta. Jamie Lee Curtis alipata Golden Globe kwa uigizaji ule. Wahakiki walisifu ufundi wa hatari zake, na lawama zao mbili bado ni nzito. Ya kwanza ni namna mume anavyomtisha mkewe nyuma ya kioo na kumdanganya hadi kwenye chumba cha hoteli, kisha picha inataka tucheke. Ya pili inatugusa sisi moja kwa moja: maadui ni kundi la Waarabu lenye jihadi ndani ya jina lake, na hawapewi utu wowote. Jumuiya za Wamarekani wenye asili ya Kiarabu ziliandamana, na mwisho wa picha kukawekwa tangazo kwamba haiwakilishi utamaduni wala dini yoyote. Tangazo la mwishoni haliondoi kilichoonyeshwa kwa zaidi ya saa mbili. Ukiilinganisha na ya 2005, ambayo maadui zake hawana kabila wala dini, msikilizaji wa Pemba ataelewa kwa nini picha mbili za aina moja hazipokelewi sawa.

MwanaGombani:
Hili sikulifikiria, nitaliweka. Na ile mpya ya Cameron Diaz na Jamie Foxx, Back in Action? Wenzangu kituoni wanataka niitaje kwa kuwa vijana wanaijua.

MsomajiWaVuga:
Itaje kwa ajili ya hesabu yake tu. Ilitoka Netflix Januari 2025, wahakiki waliotoa maoni mazuri hawakufika nusu, na bado ilikaa namba moja. Hapo hakuna tiketi, kwa hiyo usiweke takwimu zake kando ya zile milioni 480. Netflix huchukua jumla ya saa zilizotazamwa na kuzigawa kwa urefu wa picha. Watu wawili wakitazama nusu nusu na kuzima, wanahesabiwa kama mtazamo mmoja kamili. Namba hiyo inaonyesha picha imefunguliwa na wengi. Imependwa kiasi gani haikwambii.

FundiSautiMalindi:
Ugawaji wa dakika sasa. Kiswahili cha redioni kinachosomwa kwa utulivu kinakwenda kama maneno 110 kwa dakika, kwani maneno yetu ni marefu. Dakika 10 ukitoa salamu, jina la kipindi na kuaga unabaki na nane na nusu, yaani maneno 930 hivi. Ukiandika 1,200 utakimbia, na ukikimbia majina ya kigeni yatakuvunjika mdomoni. Hadithi bila kufichua mwisho ipe dakika moja na nusu. Hoja ya Shamtu ya nusu mbili ipe dakika nne, ndiyo nyama ya kipindi. Mapokezi yape dakika mbili. True Lies dakika moja inayobaki. Back in Action ikiingia, ikatwe kutoka kwenye mapokezi, hoja kuu isiguswe.

Namba tatu tu hewani, msikilizaji hana karatasi. Chagua 60, 110 na 480. Metacritic na CinemaScore zieleze kwa maneno. Vipande vya sauti ya picha usiweke vya milipuko, kwenye redio ndogo inakuwa kelele tupu. Kama kituo kina ruhusa ya kutumia sauti, kile cha mshauri wa ndoa kinasikika vizuri, sekunde 15 zinatosha, na utafsiri papo hapo. Na mkitaka baadaye kuionyesha ukumbini kwa vijana, hilo ni jambo jengine kabisa: haki za maonyesho zitafutwe kwa mwenye picha, na BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar, waulizwe kabla ya kubandika tangazo.

MwanaGombani:
Mwanzo nilioandika ni huu, niusahihishieni: "Mume anaangusha chupa. Mke anaidaka. Kuanzia hapo kila mmoja anajua anaishi na nani. Mr. & Mrs. Smith ya mwaka 2005 iliwagawa wahakiki, asilimia 60 waliipenda na 40 waliichukia, lakini watazamaji duniani walitoa zaidi ya dola milioni 480."

ShamtuWaWete:
Sentensi tatu za mwanzo ziache kama zilivyo. Tatizo ni "waliichukia". Wale 40 hawakuipendekeza tu, na kutopendekeza si kuchukia. Andika: "Wahakiki sita katika kila kumi waliipendekeza. Wanne hawakuipendekeza, na kwangu mimi lawama inaanzia pale mke na mume wanapopatana." Ukimaliza hapo umeshaingia kwenye dakika zako nne.

FundiSautiMalindi:
Na "duniani" itangulie fedha: "Duniani kote tiketi zake zilipita dola milioni 480, na ilitengenezwa kwa milioni 110." Sikio linashika namba ya mwisho, na bajeti ndiyo inayoipa ile nyengine maana.