Waranti ya nyongeza ya laptop kwa 310,000: nichukue au niache?

Daftari_Kuu

Wakuu, habari za leo. Nataka kununua laptop mpya ya kazi, HP ProBook 440 ya inchi 14, RAM 16GB, SSD 512GB. Duka moja la Posta, Dar, wanaiuza 2,450,000 ikiwa na waranti ya mwaka 1. Muuzaji ananisisitiza niongeze 310,000 nipate miaka 2 mingine, jumla iwe 3.

Kazi yake ni uhasibu, Excel na mikutano ya mtandaoni. Itakuwa inapanda daladala Mbezi hadi mjini siku tano kwa wiki, na umeme wa nyumbani ndio huo mnaoujua. Kariakoo nimepewa bei hizi kwa modeli hii, kipuri na ufundi pamoja: kibodi 95,000, betri 140,000, kioo 240,000, ubao mama (motherboard) kuanzia 850,000.

Hiyo 310,000 inalipa? Na kama inalipa, nini lazima kiandikwe kwenye karatasi kabla sijatoa hela?

---

Bawaba

Mkuu, kabla ya bei uliza nani anatia saini. Maduka yanauza vitu vitatu tofauti kwa jina hilo hilo.

Kuna ya kiwanda. Kwa HP inaitwa Care Pack na inafungwa kwenye serial namba ya mashine yako. Ikishasajiliwa, tarehe mpya ya mwisho inaonekana kwenye tovuti ya HP, na inabaki pale hata duka likifungwa kesho. Kuna ya duka lenyewe: karatasi yenye muhuri wao, fundi wao, vipuri watakavyovipata wao. Hiyo ina nguvu kadiri duka litakavyokuwa bado lipo mwaka wa 3, basi. Halafu kuna bima iliyovalishwa jina la waranti. Hapo utakuta kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai, na thamani ya mashine inashushwa kila mwaka, kwa hiyo ikifa mwaka wa 3 hulipwi 2,450,000. Kama ni bima, dai jina la kampuni na hati ya bima yenyewe, na uhakikishe kampuni hiyo imesajiliwa na TIRA, mamlaka ya bima ya Tanzania. Risiti ya duka si hati ya bima.

Kuzitenganisha kunafanyika pale pale kaunta. Washa mashine, bonyeza Fn na Esc kwa pamoja, kitatokea kidirisha chenye serial namba: herufi na tarakimu 10, nyingi zinaanza na 5CD au 5CG. Linganisha na stika iliyo chini ya mashine na ile ya kwenye boksi. Zote tatu zifanane. Iingize kwenye ukurasa wa HP wa kukagua waranti kwa simu yako mwenyewe, si kwa kompyuta ya muuzaji.

Kisha uliza tarakimu tatu. Waranti za mashine za ofisi za HP huandikwa hivi: 1/1/0, 1/1/1, 3/3/3. Ya kwanza ni miaka ya vipuri, ya pili ya ufundi, ya tatu ya fundi kukufuata ulipo. Sifuri mwishoni maana yake mashine unaibeba mwenyewe hadi kwenye kituo chao. Kwako wewe uliye Dar si tatizo. Aliye Mbeya au Kigoma aongeze nauli ya kifurushi kwenda na kurudi, na siku atakazokaa bila mashine.

---

Kokotoa

Hesabu kavu. 310,000 kwa 2,450,000 ni karibu 13% ya bei.

Kibodi ikifa, 95,000. Betri, 140,000. Vyote viwili vikifa ni 235,000, bado hujafika 310,000. Kioo hupasuka kwa kugongwa au kukandamizwa, na hilo waranti ya kawaida hailigusi. Kinachobaki cha maana ni ubao mama. Gawanya 310,000 kwa 850,000: karibu 36%. Yaani mashine 36 kati ya 100 zingelazimika kuua ubao mama ndani ya mwaka wa 2 na wa 3, zenyewe tu, bila maji na bila umeme, ndipo bei hiyo iwe sawa kwa mnunuzi. Mashine ya daraja hilo haifi hivyo.

Na kasoro za kiwandani zina tabia ya kujitokeza mapema, miezi ya mwanzo, wakati bado uko ndani ya mwaka 1 wa bure. Mwaka wa 2 na wa 3 ni wa uchakavu: betri kuchoka, feni kujaa vumbi, bawaba kukaza. Uchakavu ndio kitu cha kwanza kuondolewa kwenye kila karatasi ya waranti.

Kikomo changu: waranti ya nyongeza ya kiwanda isiyolipia ajali, miaka 2, isizidi 10% ya bei. Ikiwa inalipia ajali pia, hata 15% nalipa.

---

Mtaa_wa_Luthuli

Nikiwa Nairobi naongezea jambo moja ambalo huwakuta watu wa pande zote mbili za mpaka: mashine zinazopitia Dubai.

Saa ya waranti ya kiwanda haianzi siku uliyonunua kama kiwanda hakina ushahidi wa siku hiyo. Inaanza siku mashine ilipotoka kwao, au mwagizaji wa kwanza alipoinunua. Laptop ikikaa ghalani miezi 5, ikavuka bahari, ikakaa dukani miezi 2, unauziwa "mwaka 1" huku mtandao ukionyesha miezi 5 imebaki. Hilo linarekebishika: tuma picha ya risiti kwa kampuni uombe tarehe ya kuanza ibadilishwe. Ila wanataka risiti kamili yenye jina la duka, tarehe, modeli na serial namba. Tanzania dai ya EFD, Kenya ya eTIMS, yaani risiti za kielektroniki za kodi. Karatasi ya kuandikwa kwa mkono isiyo na serial namba haikufikishi popote.

Angalia pia namba ya bidhaa, si serial. Kwa HP ina kiishio baada ya alama ya #. ABA ni Marekani, ABU ni Uingereza. Mashine ya soko jingine si lazima iwe mbaya, lakini kituo cha hapa kinaweza kukuambia usubiri kipuri kiagizwe. Kibodi ndiyo inayosumbua zaidi: ya Uingereza ina Enter ndefu ya kusimama, ya Marekani ina fupi ya kulala, na fremu zake haziingiliani.

Ndugu akikununulia Uingereza au Marekani, ule mpango wa ziada wa duka la kule hauvuki bahari. Wa kiwanda huenda ukavuka. Dell, kwa mfano, wana utaratibu wa kuhamisha Service Tag (serial namba yao) kutoka nchi moja kwenda nyingine. Uombe mapema kabla mashine haijaharibika. Kufungua ombi la kuhamisha siku hiyo hiyo unayolalamika ni kujitafutia foleni.

Na hizi zilizotumika Uingereza zinazouzwa kama mpya kwa "waranti miezi 6": hiyo ni ya duka. Ya kiwanda ilishakwisha zamani.

---

Volti230

Mleta mada ametaja daladala na umeme. Hapo ndipo laptop zinapofia, na zote mbili waranti ya kawaida haizitambui.

Umeme kwanza. Chaja inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo kushuka kwa umeme si tatizo kubwa, na kukatika hakuiumizi mashine kwa sababu ina betri. Kinachoua ni sekunde za kurudi, volti zinaporuka juu. Chaja hufa kwanza. Isipokufa, mshindo huo wa volti unaingia kwenye saketi ya kuchaji ya ubao mama. Fundi wa kituo akifungua akakuta chipu ya kuchaji imeungua, anaandika "umeme", dai limekwisha. Nunua gadi ya volti yenye kuchelewesha, ile ile ya friji: inakata umeme ukizidi au ukipungua, na ukirudi inasubiri kwanza utulie. Haifiki theluthi ya hizo 310,000 na inalinda na vingine. Ekstensheni zinazoandikwa kuwa zinazuia mshindo hutegemea waya wa ethi. Nyumba ambayo ethi haijaunganishwa ipasavyo inazipunguzia kinga.

Chaja ikifa usichukue feki ya USB-C ya 65W. Mbali na hatari yenyewe, ukienda kudai wakaikuta umewapa sababu ya kukataa.

Sasa daladala. Kioo cha laptop hakipasuki kwa kuanguka tu. Kinapasuka begini, chaja ikiwa imewekwa upande wa kifuniko na begi likabanwa na abiria. Chaja iwekwe mfuko wa mbele, mashine ikae na kifuniko kikitazama mgongo wako. Kabla ya kufunga kifuniko tazama kibodi: kalamu, klipu au kifaa cha sikioni kikibaki pale kioo kimekwenda. Badilisha pia kitendo cha kufunga kifuniko kiwe Hibernate (inahifadhi kazi zako na kuzimika kabisa) badala ya Sleep (inalala tu). Mashine za sasa zikiwa Sleep zinaweza kujiamsha ndani ya begi, zikapata joto na kumaliza betri njiani.

---

Daftari_Kuu

Nashukuru sana wakuu. Nimerudi dukani, nimeomba masharti yote nikayapiga picha. Yanasema hivi: waranti ya nyongeza "haihusu betri, chaja, kioo, kibodi, bawaba, wala madhara ya umeme, maji, kuanguka au wadudu". Matengenezo yatafanyika "ndani ya muda unaofaa kutegemea upatikanaji wa vipuri". Stika ya duka ikibanduka, waranti inakufa. Kuna mstari unaosema kifaa kisichotengenezeka kitabadilishwa na "kinacholingana nacho kwa thamani ya wakati huo". Jina la HP halipo popote. Nilipouliza Care Pack, muuzaji akasema "ni kitu kimoja".

---

Bawaba

Si kitu kimoja. Hiyo ni ya duka.

Toa vilivyokatazwa uone kinachobaki: ubao mama, RAM, SSD, feni, kamera, spika. RAM ya mashine hiyo inachomekwa, SSD pia, fundi yeyote anabadilisha kwa dakika 20. Ubao mama nao unaokufa kwa umeme na maji umeshatolewa. Unalipa 310,000 kwa ubao mama unaokufa peke yake na feni.

"Muda unaofaa" bila idadi ya siku ni mlango wazi. "Thamani ya wakati huo" maana yake mwaka wa 3 unaweza kupewa mashine iliyotumika. Stika nayo inakuzuia kuongeza RAM au kusafisha vumbi kwa miaka 3, kazi ambazo HP wenyewe wanatoa mwongozo wa kuzifanya.

Bawaba igombanie kwenye waranti ya mwaka 1 pia. Viskurubu vyake hushikiliwa na vidude vya shaba vilivyozamishwa kwenye plastiki. Bawaba ikikaza, vidude vinang'oka, kona inapasuka, na kituo kinaandika "uharibifu wa mtumiaji". Ukiona kifuniko kinakuwa kigumu au kona inaachana kwa upana wa kucha, piga picha zenye tarehe na upeleke siku hiyo, kabla plastiki haijavunjika.

Ninachokushauri: achana na hiyo karatasi. Nunua mashine, hakikisha mwaka 1 wa kiwanda unasoma kwenye tovuti. Kisha muulize wakala wa HP bei ya Care Pack yenye ulinzi wa ajali kwa serial yako. Zile za kawaida aghalabu unaweza kuzinunua wakati wowote waranti ya msingi ikiwa bado hai. Zenye ajali zina dirisha fupi zaidi, kwa hiyo uliza wiki ya kwanza. Mambo ya kuandikwa kwenye ankara: namba ya bidhaa ya Care Pack, serial namba ya mashine, idadi ya ajali zinazolipiwa kwa mwaka, na kwamba hela inarudi kama tarehe mpya haijaonekana kwenye tovuti ndani ya siku 10.

Ningekuwa na jibu tofauti kwa anayenunua laptop nyembamba ambayo RAM imechomelewa kwenye ubao mama, au MacBook ambayo hata SSD iko humo humo. Huko kufa kwa chipu moja ni kubadilisha ubao wote, na bei yake hukaribia ya mashine. Waranti yake ya nyongeza ya kiwanda nunua bila kujiuliza mara mbili.

---

Kokotoa

Nakubaliana, ila 310,000 isiyeyuke. Iwekwe pembeni, hata kwenye kibubu cha simu. Mwaka wa 3 ukifika inanunua betri mpya na inabaki 170,000.

---

Volti230

Mwezi wa 11 tangu ununue usipite bila ukaguzi, maana mwaka wa kudai bure unakaribia kwisha.

Zima mashine, iwashe huku unabonyeza Esc mfululizo, kisha F2. Utaingia kwenye vipimo vya HP vilivyo nje ya Windows. Chagua kipimo kirefu, sio kile cha haraka, uiache ikiwa kwenye chaja. Kipimo kikifeli kinatoa namba ya hitilafu yenye herufi na tarakimu 24. Piga picha. Ukiwa na namba hiyo mazungumzo na kituo yanakuwa mafupi sana, hakuna wa kukuambia "mbona kwetu inafanya kazi".

Ndani ya Windows andika `powercfg /batteryreport` kwenye dirisha la amri. Fungua faili linalotokea, linganisha ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Kupungua kidogo kidogo ni uchakavu. Betri inayozima ghafla ikiwa na 40%, au inayovimba na kuinua pedi ya kugusia, hiyo ni kasoro: acha kuitumia, usiichaji, ipeleke. Kumbuka betri mara nyingi ina mwaka wake 1 hata pale mashine inapopewa 3.

Kabla ya kuikabidhi, toa nakala ya mafaili yote. SSD ikibadilishwa, ya zamani kwa kawaida inabaki kwao pamoja na vitabu vya wateja wako. Na ubao mama ukibadilishwa, BitLocker (kufuli la Windows la kulinda mafaili) itadai ufunguo wa tarakimu 48 mashine ikiwaka. Ufunguo huo kwa kawaida uko kwenye akaunti yako ya Microsoft; uandike kwenye karatasi kabla mashine haijatoka mkononi, kwa sababu mapokezi ya kituo hawana namna ya kukupatia.