Chura wangu anakataa dawa

Swali: Ndugu zangu, daktari wa mifugo amemwandikia chura wangu dawa ya maji ya kumeza, lakini kila ninapomkaribia na bomba la sindano lisilo na sindano hufumba kinywa, hujivimbisha na kunikojolea. Nifanyeje bila kumuumiza taya?

Jibu: Usitumie kitu cha chuma, kwa sababu taya lake ni jembamba na huvunjika upesi. Vaa glavu zisizo na unga, zilizoloweshwa kwa maji yasiyo na klorini, kisha penyeza taratibu ukingo wa kadi laini ya plastiki pembeni mwa mdomo na udondoshe dawa ndani. Macho yakididimia, huenda anameza, kwani macho ya chura husaidia kusukuma chakula kooni.

Jibu: Mimi ningeanza kwa kumuuliza daktari kama ipo dawa ya kupitia ngozini. Ngozi ya chura hufyonza maji na dawa, ndiyo maana baadhi ya dawa hudondoshewa mgongoni, na itrakonazoli, dawa ya kutibu kuvu, hutumiwa kwa kumwogesha. Usibadilishe njia mwenyewe, kwa kuwa kipimo hufuata uzito wake kwa gramu.

Muulizaji: Je, nikiificha ndani ya mdudu?

Jibu: Inawezekana ikiwa bado anakula na daktari ameridhia, ingawa dawa ikivuja kutoka kwa mdudu hutajua amemeza kiasi gani.